Siku Moja Bandarini: Jinsi ya Kutembelea Miji ya Mediterania kwa Meli ya Kitalii

Meli ya kitalii inapofunga gati katika bandari ya Mediterania, abiria hupewa saa nane hadi kumi na mbili za kukaa nchi kavu, na wengi wao huzihesabu zote kuwa ni zao. Foleni ya kushuka, basi la kutoka gatini, treni ya kwenda mjini na safari nzima ya kurudi hula karibu nusu ya muda huo, na aliyepanga kuona mambo sita huishia kuona matatu kwa mbio na mengine kupitia dirisha la basi. Mwongozo huu umesimama juu ya kanuni mbili: siku ya bandarini huhesabiwa kuanzia mwisho wake, yaani kutoka saa ya kurudi melini kwenda nyuma, na kila bandari hupewa jambo moja kubwa tu.

Hatua ya kwanza: tambua bandari yenyewe, si mji uliotajwa kwenye tangazo

Kampuni za meli huuza majina ya miji mashuhuri, lakini meli hufika mahali pengine. Panapoandikwa Roma, meli hufunga gati Civitavecchia, zaidi ya kilomita 70 kaskazini magharibi ya Roma. Panapoandikwa Florence, bandari ni Livorno, na kutoka hapo hadi Florence ni karibu kilomita 90, ingawa Pisa iko karibu sana. Athens ni Piraeus, na huko umbali si tatizo. Venice inahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu tangu Agosti 2021 serikali ya Italia imezizuia meli kubwa kupita katika mfereji wa Giudecca mbele ya Uwanja wa Mtakatifu Marko, na safari nyingi zinazotangazwa kwa jina la Venice sasa huanzia Marghera, Trieste au Ravenna. Ravenna iko mwendo wa saa mbili au zaidi kwa basi, jambo linalobadilisha siku nzima. Kabla ya kulipia safari, andika jina la kila gati, umbali wake hadi mahali unapotaka kufika, na saa za kuwasili na kuondoka.

Hatua ya pili: hakikisha viza inakubali kutoka na kuingia tena

Msafiri mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ili ashuke Hispania, Ufaransa, Italia, Ugiriki, Malta au Kroatia, nchi iliyojiunga na eneo hilo mwezi Januari 2023. Mtego uko kwenye idadi ya kuingia. Meli ikitoka Ugiriki ikaenda Kusadasi au Istanbul nchini Uturuki, Kotor nchini Montenegro, au Tunis, kisha ikarudi Ugiriki au Italia, umekwisha kutoka Schengen na unaingia upya, hivyo viza ya kuingia mara moja haitakufaa. Omba viza ya kuingia mara nyingi, na uambatishe ratiba kamili ya meli ili afisa wa ubalozi aone sababu. Ombi hupelekwa kwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku kumi na tano kabla yake. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Angalia pia masharti ya kila nchi iliyo nje ya Schengen, kwa kuwa meli inaweza kumkatalia abiria asipande tangu bandari ya kwanza kwa kukosa viza ya nchi moja tu iliyo katikati ya ratiba, hata kama abiria huyo hakukusudia kushuka huko.

Hatua ya tatu: shika saa ya meli

Ratiba ya melini huandikwa kwa mtindo wa saa 24, na sisi tuliozoea kuhesabu saa tangu macheo tunapaswa kuigeuza kwa makini. Toa sita: 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni, na 16:00 ni saa kumi alasiri. Hatari huja mtu anaposikia tangazo kwa Kiingereza, akalitafsiri harakaharaka katika kelele za ngazini, na kumwambia mwenzake saa isiyo sahihi. Katika familia au kundi, mkubwa wenu aiandike saa ya kurudi kwa mitindo yote miwili kwenye karatasi, na kila mmoja, pamoja na watoto, awe na karatasi yake.

Kuna jambo la pili kuhusu saa. Wakati wa kiangazi, saa za Ugiriki na Uturuki ni sawa na za Dar es Salaam na Nairobi, ilhali Italia, Malta, Ufaransa na Hispania ziko nyuma kwa saa moja. Simu hujibadilisha yenyewe ikipata mtandao wa nchi kavu, lakini nahodha anaweza kuamua kubaki na saa ya zamani. Inayotawala ni saa ya meli. Vaa saa ya mkononi uliyoilinganisha na saa ya ukutani melini asubuhi hiyo, na usiiguse tena hadi urudi.

Hatua ya nne: piga hesabu kutoka mwisho kwenda mwanzo

Tuchukue Civitavecchia, kwa kuwa ndiyo bandari inayowachanganya wengi. Tuseme meli inafunga gati saa moja asubuhi, na saa ya mwisho ya abiria kurudi ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Ni saa kumi na moja na nusu, muda unaoonekana mwingi. Sasa anzia mwisho. Weka akiba ya saa moja na nusu kwa ajili ya treni kuchelewa, maana treni za Italia hugoma na huchelewa. Hivyo ni lazima uwe getini saa kumi na moja jioni. Kutoka stesheni hadi melini, kwa miguu na kwa basi la bandari, tenga dakika arobaini na tano. Basi treni yako ifike Civitavecchia kabla ya saa kumi na robo. Safari ya treni huchukua kati ya dakika 45 na dakika 75 hivi kutegemea aina ya treni na kituo unachopandia. Kwa hiyo ondoka Roma saa tisa alasiri.

Upande wa asubuhi, kushuka, kupata basi, kununua tiketi na kungoja treni hukufikisha Roma karibu saa tatu na nusu. Kilichobaki ni saa tano na nusu, na hizo ndizo saa zako za kweli mjini Roma. Katika saa hizo ama utaona upande wa Vatikani vizuri, ama upande wa Colosseum, uwanja wa kale wa michezo, vizuri. Anayetaka vyote viwili, na Makumbusho ya Vatikani juu yake, ajue kwamba ameamua kuitumia siku yake ndani ya foleni.

Uamuzi huo ndio unaokuambia ushukie wapi. Anayekwenda Vatikani achukue treni ya mkoa na kushuka stesheni ya Roma San Pietro, ambako Uwanja wa Mtakatifu Petro uko mwendo wa robo saa kwa miguu. Treni nyingi za haraka hupita bila kusimama hapo. Baada ya kuona Kanisa la Mtakatifu Petro, anaweza kutembea taratibu kupitia ngome ya Castel Sant'Angelo, kuvuka mto Tiber, kupita Piazza Navona na kumalizia Pantheon, hekalu la kale la Kirumi, njia ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora kwa mtu wa siku moja, kwa sababu haimlazimu kupanda chombo chochote. Anayekwenda Colosseum ashuke Roma Ostiense, aingie treni ya chini ya ardhi katika kituo cha Piramide, na kituo cha pili mbele ni Colosseo. Wengi huendelea hadi Termini, stesheni kuu ya Roma, bila sababu, na jioni hupoteza muda zaidi, kwa kuwa treni za Civitavecchia mara nyingi huondokea kwenye majukwaa ya mwisho kabisa ya stesheni hiyo, mwendo wa karibu dakika kumi kutoka ukumbi mkuu. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa ni lazima igongwe muhuri kwenye kimashine kilichopo stesheni kabla ya kupanda. Asiyeigonga hutozwa faini hata kama ameilipia.

Hatua ya tano: amua lini utakwenda na ziara ya meli na lini utajitegemea

Ziara iliyouzwa na meli ina faida moja ambayo hakuna nyingine inayoifikia: basi lake likichelewa, meli hulingoja. Anayejitegemea hangojwi. Kwa upande mwingine, ziara hizo ni ghali, hutembea kwa mwendo wa mtu wa mwisho katika kundi la watu arobaini, na mara nyingi husimama dukani. Nunua ziara ya meli pale umbali ulipo mkubwa na usafiri wa umma usiotabirika, kwa mfano kutoka Aleksandria au Port Said nchini Misri kwenda mji wa Giza penye piramidi, safari ya karibu saa tatu kwenda na nyingine tatu kurudi, au kutoka Ravenna kwenda Venice. Jitegemee pale miguu au treni moja inapotosha: Naples, Valletta, Palermo, Barcelona, Piraeus.

Hatua ya sita: kata tiketi za kuingilia kabla hujatoka nyumbani

Maeneo makubwa sasa huuza tiketi za saa maalumu na huweka kikomo cha watu. Pompeii, magofu ya mji wa kale karibu na Naples, imeweka kikomo cha wageni 20,000 kwa siku tangu Novemba 2024, na Acropolis ya Athens, kilima chenye mahekalu ya kale, nayo ina kikomo cha idadi hiyo hiyo. Tiketi za Colosseum na Pompeii huandikwa jina la mgeni, hivyo jina lifanane na kitambulisho utakachobeba. Chagua saa inayoacha nafasi ya kuchelewa kushuka, kwa kuwa meli ikichelewa kufunga gati kwa saa moja, tiketi ya saa mbili na nusu asubuhi imekwisha kupotea.

Kisha linganisha tarehe ya bandari na siku ya juma. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi. Jumatano asubuhi Papa anapokuwa na hadhara ya watu uwanjani, kuingia Kanisa la Mtakatifu Petro huwa hakuwezekani hadi hadhara iishe. Huko Florence, jumba la Uffizi na Accademia yenye sanamu ya Daudi ya Michelangelo hufungwa Jumatatu. Makumbusho ya Akiolojia ya Naples hufungwa Jumanne. Kanisa la Mtakatifu Yohane la Valletta halipokei watalii Jumapili. Kujua haya mapema hakugharimu kitu, na kuyajua mbele ya mlango uliofungwa kunagharimu siku.

Hatua ya saba: funga mfuko mdogo

Beba kadi ya meli, nakala ya pasipoti, kadi ya benki moja tu na yuro chache za noti ndogo. Kadi ya pili ibaki kwenye sefu ya chumbani. Beba chupa tupu, kwa sababu Roma ina zaidi ya visima 2,000 vya barabarani vinavyotiririsha maji safi ya kunywa bure, na kununua maji mbele ya Colosseum ni kutupa fedha. Pakua ramani ya mji kwenye simu kabla ya kushuka. Ukiwa baharini zima mtandao wa simu kabisa, maana simu inaweza kujiunga na mtandao wa setilaiti wa meli na kukuletea deni kubwa bila wewe kubonyeza chochote.

Wanawake nawashauri wachukue kanga. Mlangoni pa Kanisa la Mtakatifu Petro na makanisa mengi ya Italia, mabega na magoti ni lazima yafunikwe, kwa mwanamume na mwanamke, na joto la Julai haliruhusu mtu kuvaa mikono mirefu mchana kutwa. Kanga hujifunga begani kwa sekunde chache, hufunika kiuno, hutandikwa kwenye jiwe la kukalia, na hukinga kichwa katika magofu yasiyo na mti. Wanaume wavae suruali inayofika chini ya goti.

Asiyekula nguruwe ajifunze majina kabla ya kuagiza chakula Italia: prosciutto, pancetta, guanciale na salsiccia kwa kawaida ni nyama ya nguruwe. Pizza ya marinara ina nyanya, kitunguu saumu na majani ya oregano pekee, na margherita ina nyanya, jibini na rihani. Hizo mbili zinatosha kumvusha mtu siku nzima.

Naples, na swali la Pompeii au Herculaneum

Naples ni zawadi kwa anayejitegemea, kwa kuwa meli hufunga gati katikati ya mji, ng'ambo ya barabara kutoka ngome ya Castel Nuovo. Kituo cha Municipio cha treni ya chini ya ardhi kiko hapo hapo, na vituo vichache baadaye uko Garibaldi, ambako treni ya Circumvesuviana inayoelekea Sorrento huzunguka chini ya mlima Vesuvio. Kwa Pompeii, shuka kituo kiitwacho Pompei Scavi – Villa dei Misteri, baada ya dakika 35 hadi 40. Vipo vituo vingine vyenye neno Pompei, na vitakuacha mbali na lango. Kwa Herculaneum, shuka Ercolano Scavi, baada ya dakika 20 hivi, kisha teremka barabara iliyonyooka kuelekea baharini hadi getini.

Miji yote miwili iliangamizwa na mlipuko wa Vesuvio wa mwaka 79, lakini haikufa kifo kimoja. Pompeii ilinyeshewa mawe mepesi na majivu yaliyoyaangusha mapaa kabla ya hewa ya moto kufika. Herculaneum ilifunikwa na mafuriko ya majivu na gesi kali, yaliyoganda na kuwa mwamba wa kina cha karibu mita 20; joto hilo liliigeuza mbao kuwa makaa badala ya kuiteketeza, ndiyo maana leo bado unaona boriti, milango na ghorofa za juu za nyumba za watu. Chini, kwenye vyumba vya kuwekea mashua vilivyokuwa ufukweni, ilipatikana mifupa ya watu wapatao 300 waliokimbilia huko wakisubiri kuokolewa kwa njia ya bahari. Simama hapo kwa dakika kadhaa bila kupiga picha.

Pompeii ina ukubwa wa hekta 66, na haimaliziki kwa siku moja. Uwanja wake wa mji, mabafu, mawe ya kuvukia barabara yenye mifereji ya magurudumu pembeni, vyote vinastahili umaarufu wao, na mwenye siku nzima na miguu yenye nguvu aende. Lakini kwa mtu wa siku ya bandarini, hasa mwenye watoto au wazazi wenye umri, nachagua Herculaneum bila kusita. Utaizunguka yote kwa saa mbili au mbili na nusu, utapata kivuli, na saa nane mchana utakuwa umerudi Naples. Chakula cha mchana kiliwe hapo, karibu na meli, na kanuni hiyo itumike kila bandari: maliza kilicho mbali kwanza, kisha kula mahali ambapo hata treni zikisimama zote utafika gatini kwa miguu.

Bandari nyingine kwa ufupi

Barcelona: kutoka gati la Moll Adossat panda basi la bandari hadi mnara wa Columbus, kisha treni ya chini ya ardhi kutoka Drassanes, ubadilishe Diagonal, hadi Sagrada Família, kanisa lililoanza kujengwa mwaka 1882 na ambalo mbunifu wake Gaudí aliliacha bila kumalizika alipofariki mwaka 1926. Ingia ndani asubuhi au alasiri, wakati jua linapopenya vioo vya rangi. Katika barabara ya La Rambla mfuko uwe kifuani. Wachomoaji wa hapo ni hodari, kama walivyo wa treni ya Piraeus na ya Roma.

Piraeus: laini ya buluu ya treni ya chini ya ardhi, iliyofika bandarini mwaka 2022, inakupeleka Monastiraki moja kwa moja, na kutoka hapo unapanda kwa miguu hadi Acropolis. Chukua tiketi ya saa mbili asubuhi kama meli inaruhusu, kwa kuwa katika mawimbi ya joto mamlaka hulifunga eneo hilo mchana. Makumbusho ya Acropolis, yenye kiyoyozi, yafuate baadaye.

Santorini: meli haifungi gati, abiria hushushwa kwa boti ndogo hadi chini ya genge, na mji wa Fira uko juu kwa zaidi ya mita 200. Kuna ngazi karibu 600, punda, na vibanda vinavyoning'inia kwenye waya. Foleni ya kushuka alasiri, meli kadhaa zinapokuwapo, hupita saa moja, basi ihesabu ndani ya muda wako. Siwashauri punda, kwa ajili ya punda wenyewe na kwa usalama wa mpandaji.

Valletta: lifti kutoka barabara ya bandari inakufikisha bustani za Upper Barrakka, na mzinga hupigwa hapo saa sita kamili mchana. Katika Kanisa la Mtakatifu Yohane umo mchoro wa mchoraji Mwitalia Caravaggio wa mwaka 1608 wa kukatwa kichwa kwa Yohane Mbatizaji. Tega sikio sokoni pia, kwa maana Kimalta kilitokana na Kiarabu: utasikia sitta, sebgħa na disgħa kwa sita, saba na tisa, baħar kwa bahari na ktieb kwa kitabu.

Hatua ya mwisho: kurudi, na la kufanya ukichelewa

Ratiba ya siku inayoletwa chumbani huchapishwa jina na simu ya wakala wa meli katika bandari hiyo. Ipige picha na uiandike pia kwenye karatasi, kwa kuwa simu huishiwa chaji. Ukiona huwezi kuwahi, mpigie wakala mara moja, ungali njiani, wala usisubiri ufike kwenye gati tupu. Baadhi ya meli huitoa pasipoti ya abiria aliyekosekana na kumwachia wakala huyo. Gharama ya kuifuata meli ni yako. Andika pia bandari inayofuata: aliyeachwa Civitavecchia na meli inakwenda Naples ana treni ya haraka ya saa moja na zaidi kidogo kutoka Roma Termini, lakini kama inayofuata ni Valletta au Barcelona atahitaji ndege, na kama ni Kusadasi atahitaji kwanza kuthibitisha kwamba viza yake inamruhusu kuingia Uturuki kwa njia hiyo.